Sura ya Tano: Namba ya Bwana Shamba

Pamba ya Simiyu hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, na tangu hapo mpaka vitumba vipasuke simu ya afisa ugani haipoi. Kabla hajapiga mswaki wameshamtafuta watatu. Wa kwanza anataka kujua kama mbegu zimeshafika chama cha ushirika, yaani AMCOS. Wa pili ametuma picha ya jani lililojikunja, imepigwa jua likiwaka mbele ya kamera, hata haieleweki kama ni chawajani au ni kiu tu ya mmea. Wa tatu hasemi shida yake. Ameandika: "shikamoo bwana shamba nipigie." Jina hakuweka, kijiji hakutaja, maana kwa hesabu zake bwana shamba anamfahamu. Si walisalimiana mnadani?

Namba hiyo haikutolewa na wizara. Aliitoa mwenyewe siku aliyotambulishwa kijijini, akaisoma kwenye mkutano wa hadhara tarakimu mbilimbili, mwenyekiti akairudia kwa sauti kubwa, watu wakaiandika viganjani na nyuma ya kadi za kliniki. Tangu siku hiyo ofisi ya kilimo ya kata imo kwenye mfuko wa suruali yake. Anaenda nayo msibani, anaenda nayo chooni.

Si yeye peke yake. Fundi umeme wa Malambo, wakala wa fedha pale stendi ya Bariadi, karani wa AMCOS, muuza pembejeo, muuguzi wa zahanati, mwalimu mkuu, kijana anayefunga ving'amuzi: wote wanaendesha huduma kwa wateja kupitia simu zao binafsi, na wengi wao wakiulizwa watakwambia hawana kitengo cha huduma kwa wateja. Wanacho. Kinalala nao kitandani.

Kabla ya kumlaumu mteja, tutazame alikotokea. Simiyu ni mkoa mchanga, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kuunganisha Bariadi, Maswa na Meatu zilizotoka Shinyanga pamoja na Busega iliyotoka Magu, Mwanza. Itilima ikachomolewa ndani ya Bariadi. Mkoa mpya maana yake ofisi mpya, maofisa wapya, na mwananchi ambaye hajui tena mlango upi unashughulikia lipi. Kutoka kijijini hadi Mwanhuzi, Lagangabilili au Bariadi mjini ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na ukifika unaweza kuambiwa mhusika yuko shambani. Kupiga simu ni nafuu. Kubipu ni bure.

Halafu kuna suala la kumjua unayeongea naye. Kwa Wasukuma mtu haanzi na shida. Anaanza na salamu ya mwadila, anauliza nyumbani, anauliza mifugo, anauliza mvua, ndipo shida inafuata. Ile sauti ya kurekodiwa inayokutaka ubonyeze moja kwa Kiswahili haiitikii shikamoo. Mitandao yote ya simu nchini inapokea wateja kwa namba 100, na bado mama wa Dutwa aliyekosea muamala atampigia kwanza wakala aliyemsajilia laini, kwa sababu ana sura kichwani. Simwoni kama amekosea. Amechagua mtu atakayejibu.

Kosa liko kwa anayepokea, na si kosa linalotajwa mara nyingi. Wengi wakizungumzia simu za wateja kwenye namba binafsi hulalamikia usumbufu: kupigiwa saa nne usiku, kupigiwa Jumapili, mke au mume kununa. Usumbufu upo, lakini hasara kubwa zaidi ni kwamba kila kinachosemwa kinaishia kwenye simu moja na kichwa kimoja.

Chukua wiki ambayo wakulima ishirini wa Nkololo, kila mmoja kwa wakati wake, wanampigia bwana shamba kuhusu majani yanayokunjamana. Wengine wamepiga akiwa njiani, wengine wametuma picha, wawili wamepiga akiwa dukani. Kwa kila mmoja amejibu vizuri, amemtajia kiuatilifu na kipimo. Jioni amechoka, na kwa haki anajiona amefanya kazi. Ila jambo lenyewe lililotokea Nkololo wiki hiyo ni mlipuko wa wadudu, na halikuripotiwa popote. Taarifa ya mlipuko ipo, tena kamili, na kijiji na tarehe, ila imekatwakatwa vipande ishirini ndani ya simu ya mtu mmoja, katikati ya picha za harusi na voisi za shemeji. Wilayani hawana habari. Bwana shamba mwenzake wa kata jirani, ambaye wadudu watamfikia baada ya siku chache, hana habari pia. Simu ishirini zenye swali moja zilipaswa kuzaa tangazo moja msikitini, kanisani na kwenye gulio, na ripoti moja kwa afisa kilimo wa wilaya.

Hasara nyingine ni foleni isiyoonekana. Simu ikiita, mpokeaji anatazama jina. "Mzee Pamba Dutwa" anapokelewa. Namba isiyo na jina inaachwa iite. Hakuna aliyekusudia upendeleo, lakini baada ya msimu mzima utakuta waliohudumiwa ni wale wale: wenye undugu, wenye mashamba makubwa, waliohifadhiwa majina simuni. Mjane mwenye ekari moja na kitochi kinachoshirikiwa na nyumba tatu hayumo.

Na siku ya uhamisho? Bwana shamba anapelekwa Meatu. Namba inakwenda naye, kwa sababu ni yake, imesajiliwa kwa alama zake za vidole. Mwaka mzima anapigiwa kuhusu mashamba asiyoyaona tena, na aliyempokea kiti anaanza upya kutangaza namba yake mkutanoni, tarakimu mbilimbili. Nane Nane ya kitaifa ilipofanyika Nyakabindi kwa miaka mitatu, 2018, 2019 na 2020, wakulima walirudi makwao na vipeperushi. Ukikuta mtu aliyetunza kimoja hadi leo, jaribu kupiga namba iliyoandikwa chini. Kama ni ya mtu wa mauzo, huenda sasa hivi anauza bima Kahama.

Lakini hatari inayonikera kuliko zote ni hii ifuatayo, na nitaikalia kidogo.

Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupata ule ujumbe wa kumtaka ile hela aitume kwenye namba hii, jina litatokea la mtu fulani. Anayetuma hajui una deni na nani. Anabahatisha. Miongoni mwa mamia watakaousoma, yupo ambaye kweli alikuwa anasubiri maelekezo ya mwenye nyumba, ya karani wa shule, ya dalali wa ng'ombe. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. TCRA imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa aina hiyo pamoja na namba iliyoutuma. Hatua zote hizo ni nzuri. Ila ujiulize kwa nini ujumbe ule bado unamnasa mtu. Unamnasa kwa sababu unafanana na huduma halali. Mwenye nyumba kweli hubadilisha laini bila kuaga. Karani kweli hupokea ada kwenye namba yake. Fundi kweli husema, "hiyo simu yangu imezima, tuma kwa hii ya dogo." Taasisi na biashara zinazohudumia kwa namba binafsi zinamfundisha mteja, siku baada ya siku, kwamba ni jambo la kawaida namba ngeni kukuita jina na kukudai pesa. Tapeli hakufundisha kitu. Alikuta darasa limeshamalizika.

Kwa hiyo kabla ya kugusa jambo jingine lolote, ondoa malipo kwenye namba binafsi. Duka lina Lipa Namba, AMCOS na shule zina akaunti benki. Lipa Namba inaonyesha jina la biashara kabla mteja hajaweka namba ya siri, na jina hilo limebandikwa ukutani, halibadiliki kwa sababu dogo kaazima simu. Waambie wateja mapema, tena kwa maneno mafupi: sisi hatuombi pesa kwa namba ya mtu, na hatuombi namba ya siri kwa sababu yoyote. Tangazo likikaa miezi sita, ujumbe wa tapeli unaanza kuonekana mgeni.

Sasa tuje kwenye kisa kilichoonyesha wazi mteja anamfuata nani. Mwaka 2024 mita zote za LUKU nchini zilipaswa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba. Tarehe hiyo haikupangwa na TANESCO. Mita za malipo ya kabla zinazotumia mfumo kama wa LUKU duniani kote huhesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na kila tokeni hubeba muhuri wa dakika yake. Nafasi ya kuhesabia iliyowekwa ndani ya mita inaishia dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32. Ikijaa, mita inaanza kuzikataa tokeni mpya. Dawa yake ilikuwa mteja akinunua umeme apate mafungu matatu ya tarakimu ishirini-ishirini: mawili ya kuiboresha mita, la tatu ndilo lenye uniti.

Tarakimu sitini kwenye ujumbe wa kitochi. Wengine waliingiza la tatu kwanza kwa sababu ndilo la mwisho kufika, mita ikakataa, wakaamini wameibiwa. Walimpigia nani? Fundi aliyefunga nyaya za nyumba mwaka wa kwanza. Fundi hana mamlaka yoyote juu ya mita, si mwajiriwa wa shirika, hawezi kutoa tokeni. Ana sifa moja: anapokea. Na hapo mafundi waligawanyika makundi mawili. Wengine walirudia maelezo yale yale simu baada ya simu mpaka betri ikaisha. Wajanja walikaa chini mara moja wakaandika ujumbe kama huu:

"Habari. Umepata namba tatu za tarakimu 20. Ingiza ya kwanza, bonyeza kitufe cha kukubali, subiri mita ikubali. Kisha ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu ndiyo yenye umeme. Usiruke. Ikikataa soma kilichoandikwa kwenye kioo cha mita, nitumie maneno hayo na namba ya mita."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani. Fundi hakuishia kujibu. Alimwambia mteja alete nini akirudi. Shida inayofika ikiwa na namba ya mita na maneno ya kwenye kioo inaweza kukabidhiwa kwa anayehusika bila mteja kuhojiwa upya. Tengeneza ujumbe kama huo kwa kila swali linalokujia zaidi ya mara tano kwa wiki, uuhifadhi, uutume. Swali la mbegu lina jibu moja. Swali la lini malipo ya pamba yanatoka pia lina jibu moja, hata kama ni "bado hatujaambiwa, nitatangaza Ijumaa."

Kama unataka kuona huduma ikiondolewa kwenye namba binafsi kwa kiwango cha nchi, tazama m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Majirani zetu wa Shinyanga na Sengerema ndio walioanza nao, Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kitaifa Aprili 2022. Zamani mjamzito akizidiwa zahanati ya kijijini, muuguzi alitafuta kwenye simu yake namba ya dereva wa gari la wagonjwa. Dereva akiwa hapatikani, anatafuta namba ya mganga mkuu. Huyo akiwa kikaoni, anamtafuta mwenye gari aliyemfahamu, na mazungumzo ya mafuta yanaanza mama akivuja damu. Maisha yalitegemea muuguzi ana namba za nani.

Sasa inapigwa 115, bila malipo. Anayepokea yuko kwenye kituo cha uratibu, ana orodha ya maswali ya kupima uzito wa hali, anaona gari la wagonjwa liko wapi, na lisipokuwepo anampigia dereva wa kawaida wa jirani aliyeandikishwa tangu mapema. Dereva akimfikisha mgonjwa, nauli yake inaingia kwa simu. Mganga mkuu bado ana simu, dereva bado ana simu. Tofauti ni kwamba mama mjamzito hahitaji tena kujuana nao.

Duka la pembejeo la Bariadi haliwezi kujenga kituo cha uratibu, wala halihitaji. Linahitaji vitu viwili ambavyo kwa pamoja havifiki bei ya mfuko mmoja wa mbolea: kitochi kinachokaa mezani na daftari la kaunta. Kitochi kina laini ya duka. Laini inaweza kusajiliwa kwa jina la kampuni badala ya jina la mtu, na tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa hiyo hata mtandao ukikuchosha, namba iliyoandikwa ukutani inabaki. Anayekuwa zamu ndiye anayepokea. Akihama, simu haihami.

Daftari ndilo gumu, kwa sababu linadai nidhamu. Tarehe na saa, jina, kijiji, namba, shida kwa maneno yake mwenyewe, nani amepokea, nini kimefanyika. Usiandike "tatizo la pamba". Andika "Nkololo, majani yanajikunja, ekari mbili, alipulizia wiki iliyopita". Ijumaa jioni soma mstari wa vijiji kutoka juu hadi chini. Mlipuko wa wadudu utauona kwa macho.

Kuna watakaosema mambo haya siku hizi yanafanyika kwenye makundi ya WhatsApp. Kundi linasaidia kwa matangazo, silikatai. Lakini mwenye kitochi hayumo kundini, na kwa vijiji vingi mwenye kitochi ndiye mama anayepalilia. Zaidi ya hapo, kundi likizoeleka watu hutuma humo kila kitu, hadi picha ya kitambulisho cha NIDA, watu mia mbili wanakiona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, na simu ya mfanyakazi yenye vitambulisho vya wateja themanini, isiyo na nywila, inayochezewa na watoto jioni, hailindi kitu. Ukishamaliza kazi ya kitambulisho, futa picha.

Mteja atakayeendelea kupiga namba yako binafsi usimkaripie, na usimdanganye kwamba namba imefungwa. Mpokee, andika, kisha umwonyeshe njia.

"Shikamoo bwana shamba."

"Marahaba mama. Habari za Gambosi?"

"Nzuri. Ni hii pamba yangu, baba, imeshikwa na wadudu mafuta."

"Pole sana mama. Nimekuandika hapa. Kesho saa tatu asubuhi utapigiwa na namba ya ofisi, nakutumia sasa hivi uitunze. Siku nisipokuwepo, mwenzangu atalikuta jina lako daftarini."

(Naam, Gambosi ile ile ambayo nchi nzima inaijua kwa hadithi za uchawi. Wakulima wake wanasumbuliwa na wadudu mafuta kama wa kwingine kote.)

Ahadi ya saa tatu lazima itimie. Ikivunjika mara mbili mama huyo atarudi kwenye namba yako, tena usiku, na atakuwa na haki. Mpito wa aina hii huchukua msimu mzima. Anayejaribu kuumaliza kwa wiki moja kwa kuzima simu anawapoteza watu, hawamfuati ofisini.

Kuhusu saa za usiku, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na kazi ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Sheria haitaji simu. Ufaransa tangu 2017 na Australia tangu Agosti 2024 zimempa mfanyakazi haki ya kutopatikana baada ya kazi, na nchini Kenya Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa namna hiyo mwaka 2022. Mimi naona mwajiri anayetaka simu ya mteja ipokelewe saa tatu usiku anaagiza kazi, basi aiandike kwenye zamu na ailipe. Asipotaka kulipa, abandike mlangoni saa za kupokea simu, na aorodheshe yale machache yasiyosubiri kuche: waya uliokatika ukaangukia njia, sumu ya kupulizia iliyonywewa na mtoto. Bei ya mbegu inasubiri.

Limebaki la bipu. Mteja anayebipu anakwambia hana salio, na ofisi isiyorudisha bipu imewafungia mlango wateja wake maskini kuliko wote. Namba ya bure ni jambo la taasisi kubwa. Dogo linalowezekana ni bando la dakika la mwezi kwenye kitochi cha mezani, liandikwe kwenye bajeti palepale panapoandikwa mafuta ya pikipiki, na mtu wa zamu arudishe bipu zote kabla ya saa tano asubuhi na kabla ya saa kumi jioni. Asiachiwe kutumia salio lake, maana akishalitumia lake, mteja atakuwa ameipata namba yake.